Nyimbo za Bond Zilizokataliwa na Kipimo cha Koo la Pili

Filamu ya jasusi James Bond, Tomorrow Never Dies, niliitazama mara ya kwanza katika kibanda cha video mtaani kwetu, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la mbao kati ya vijana wakubwa kuliko mimi, na kwa miaka mingi baada ya jioni ile nilikuwa nikipiga mluzi wa mahadhi fulani niliyotoka nayo mle ndani. Yalikuwa mahadhi ya matarumbeta, yanayopanda kwa majivuno na kushuka kwa huzuni kidogo. Sikujua ni ya wimbo gani. Mwenye kibanda alikuwa na desturi ya kuipeleka kanda mbele mara tu majina ya mwanzo yalipojitokeza, na mwishoni aliizima runinga kabla majina hayajaisha ili awahi kuingiza watazamaji wengine, kwa hiyo wimbo wa kufungulia filamu sikuusikia na wimbo wa kufungia sikuusikia vilevile. Nilichotoka nacho kilitoka katikati, mahali ambapo muziki hupita chini ya milio ya bunduki na hakuna anayedhani kwamba anausikiliza.

Nitarudi kwenye mahadhi hayo, kwa sababu yana hadithi yake. Kwanza nieleze kwa nini nyimbo za filamu za Bond zimenishika kiasi cha kuzitafuta zote, zile zilizokubaliwa, zile zilizokataliwa na zile zilizorudiwa na wasanii wengine. Filamu za James Bond zilianza na Dr. No mwaka 1962, na kufikia No Time to Die ya mwaka 2021 zilikuwa 25 katika mfululizo wake rasmi. Karibu kila moja hufuata desturi ileile: kisa kifupi cha hatari, kisha picha za mwanzo za takriban dakika tatu, zenye vivuli na silaha na majina ya waigizaji, na juu ya picha hizo wimbo mmoja. Kuuimba wimbo huo ni heshima kubwa, na heshima kubwa huvuta waposaji wengi. Mmoja hukubaliwa. Waliobaki hurudi nyumbani na nyimbo zao, na nyimbo hizo ndizo nilizoanza kuzikusanya, nikiamini wakati huo kwamba nitagundua kwa nini zilikataliwa kwa kusikia udhaifu wake.

Sikuusikia udhaifu huo mara nyingi kama nilivyotarajia. Nilichogundua ni kwamba kukubaliwa au kukataliwa kulitegemea muda uliobaki, jina la filamu, umaarufu wa mwimbaji na mikataba ya kampuni, na mara chache tu kulitegemea ubora wa wimbo. Ubora una kipimo kingine, ambacho nimekiita koo la pili: mchukue mwimbaji wa kwanza umweke kando, umpe wimbo mtu mwingine mwenye sauti tofauti kabisa, usikilize kinachobaki.

Chukua Goldfinger ya mwaka 1964, wimbo ambao wengi huutaja kuwa kielelezo cha nyimbo zote za aina hii. Mahadhi ni ya mtunzi John Barry, maneno ni ya Leslie Bricusse na Anthony Newley, na sauti ni ya Shirley Bassey wa Wales, ambaye amesimulia jinsi alivyoimba huku picha za mwanzo zikipita mbele yake na jinsi noti ya mwisho ilivyombidi aishikilie mpaka majina yaishe, akabaki nusura azimie. Ni vigumu kuufikiria wimbo huo bila kifua chake. Lakini kabla yake Newley mwenyewe aliurekodi kwa majaribio, na rekodi hiyo ilikaa kabatini hadi mwaka 1992 ilipotolewa katika mkusanyiko wa kuadhimisha miaka 30 ya filamu hizi. Newley hapigi kelele. Anaimba polepole, karibu kwa mnong'ono, kama mtu anayemwonya jirani yake kuhusu mgeni aliyehamia mtaani. Maneno ya wimbo huo kwa hakika ni onyo, na nikiyasikiliza kwa sauti ya Newley nayaogopa zaidi, ilhali kwa sauti ya Bassey namwogopa Bassey mwenyewe. Wimbo umesimama katika makoo mawili yasiyofanana hata kidogo. Na huo ndio wimbo ambao Harry Saltzman, mmoja wa watayarishaji wawili wa filamu hizo, aliuchukia, nao ulinusurika kwa kuwa muda wa kutafuta mwingine haukuwepo. Iwapo ratiba ingekuwa na nafasi ya wiki chache zaidi, huenda leo Goldfinger ungekuwa miongoni mwa nyimbo za kabatini.

Mwaka uliofuata bahati hiyo haikujirudia. Barry alipoanza kazi ya Thunderball aliona jina hilo haliimbiki, na sioni wa kumlaumu. Magazeti ya Italia yalikuwa yamembandika Bond jina la utani lenye milio ya mabusu na risasi, na Barry na Bricusse wakalifanya kuwa wimbo: Mr. Kiss Kiss Bang Bang. Aliurekodi Shirley Bassey, kisha akaurekodi tena Dionne Warwick wa Marekani. Ndipo ikaamuliwa, wakati umekwisha kuyoyoma, kwamba wimbo usiotaja jina la filamu hautaitangaza filamu redioni, na ukaondolewa. Barry akakimbilia kwa Don Black, ambaye amesimulia kwamba alilitafuta neno la jina hilo katika kamusi na hakulipata, akaandika maneno yake hivyo hivyo, na Tom Jones akaingia studio kuyaimba kwa nguvu zote, hadi kwenye noti ya mwisho aliyoishikilia akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua akakuta chumba kinazunguka.

Nimezisikiliza rekodi hizo tatu mara nyingi, moja baada ya nyingine, na hukumu yangu haijabadilika. Bassey anauchukua Mr. Kiss Kiss Bang Bang kama mwanamke anayemjua Bond vizuri na ameshamchoka. Kila neno analitupa kwa dharau yenye utamu. Warwick yuko mbali zaidi, mtulivu, anauimba kama anayemtazama mtu huyo kutoka upande wa pili wa ukumbi na hana nia ya kumsogelea. Hisia mbili, mahadhi mamoja, na mahadhi hayachoki. Thunderball wa Tom Jones unategemea mapafu ya Tom Jones. Mwaka 1997 Martin Fry wa bendi ya ABC aliurudia, na ingawa ni mwimbaji mwenye ustadi na majivuno yanayofaa, nilipomaliza kumsikiliza nilijikuta nikimsubiri Jones. Kwa kipimo changu wimbo uliokataliwa ulikuwa bora kuliko uliokubaliwa.

Lakini jambo lililonistaajabisha zaidi ni kwamba Mr. Kiss Kiss Bang Bang haukuondoka kamwe katika filamu. Barry alikuwa ameshaufanya uti wa mgongo wa muziki wake, na hakukuwa na muda wa kuandika upya kila kitu. Itazame Thunderball kwa masikio na utausikia ukipita chini ya matukio ya Bahama bila maneno. Kuna hata klabu ya usiku iitwayo Kiss Kiss, ambamo bendi inaupiga wakati Bond anacheza dansi na jasusi Fiona, dansi ambayo Fiona hatoki nayo hai. Maneno yalifukuzwa, mahadhi yakabaki na kazi yote. Mwimbaji aliyeandikwa mwanzoni ni mmoja, na wimbo unaoibeba filamu ni mwingine.

Walikuwepo pia waposaji wasioalikwa ndani kiasi hicho. Johnny Cash, mwimbaji wa country wa Marekani, alipeleka Thunderball yake mwenyewe, na ukiisikiliza utafikiri Bond amepanda farasi: gitaa linakwenda mbio na msimulizi anasimulia kama anayesimulia kisa cha wachunga ng'ombe. Naupenda kama wimbo wa Cash. Kwenye picha za watu wanaopiga mbizi baharini usingekaa hata dakika moja. Alice Cooper na bendi yake waliandika wimbo wa The Man with the Golden Gun, filamu ya mwaka 1974, wakauweka katika albamu yao Muscle of Love, lakini kazi ikapewa mwimbaji Lulu, na hapo nasema bila kusita kwamba waliokataa walikosea. Bendi ya Blondie walijitungia For Your Eyes Only yao; watayarishaji wakautaka ule wa Bill Conti na Mick Leeson ulioimbwa na Sheena Easton mwaka 1981, na wa Blondie ukatoka katika albamu yao ya mwaka 1982. Wa Easton ni mzuri zaidi. Mahadhi yake yanafunguka taratibu kama mlango, wakati wa Blondie unakwenda vyema lakini hauna mahali unapofika.

Kisha kuna Live and Let Die ya mwaka 1973, ambayo kwangu ni kisa kizuri kuliko vyote kuhusu nyimbo za kurudiwa, kwa kuwa filamu yenyewe nusura iufanye wimbo wake halisi kuwa rekodi ya majaribio. Paul McCartney na bendi yake ya Wings walikuwa wameurekodi wimbo kamili, mtayarishaji wa muziki George Martin akiwa amepanga okestra nzima, na Martin alipompelekea Saltzman, huyo alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza nani sasa atauimba, akitarajia mwimbaji wa kike Mmarekani mweusi. Martin alilazimika kumweleza kwamba bila McCartney hakuna wimbo. Wazo la Saltzman halikupotea lote, kwa kuwa katika filamu mwimbaji B.J. Arnau anauimba ndani ya klabu moja ya New Orleans, kwa mtindo wa soul. Hivyo filamu ina wimbo wake na ina kopi ya wimbo wake, zote mbili katika saa zilezile mbili. Mwaka 1991 bendi ya rock ya Guns N' Roses wakauchukua, wakaweka magitaa pale palipokuwa na matarumbeta ya Martin, na kwa kuwa umbo la wimbo, yaani utulivu wa mwanzo, mlipuko na mchepuko wa ghafla wenye mdundo wa kucheza, lilikuwa limejengwa imara tangu mwanzo, hawakuhitaji kubadilisha chochote kikubwa. Watu wa rika langu wengi waliujua kwanza kwa sauti ya Axl Rose, mwimbaji wa bendi hiyo. Wanaodhani ni wa Guns N' Roses wamekosea historia, lakini kosa lao ni ushahidi kwamba wimbo ulihimili.

Nimetaja mwaka 1997, na sasa niukalie. Mwaka huo mtunzi Mwingereza David Arnold alitoa albamu ya nyimbo za Bond zilizorudiwa, Shaken and Stirred, ambayo naiona kuwa darasa zima la sanaa ya kurudia wimbo. Arnold aliheshimu okestra ya Barry, akaacha waimbaji ndio wabadilike. Bendi ya Pulp waliuchukua All Time High, wimbo wa filamu Octopussy ambao Rita Coolidge aliuimba mwaka 1983 kwa ulaini wa muziki wa hotelini, na mwimbaji wao Jarvis Cocker akaufanya maungamo ya mtu asiyeamini furaha anayoisema. Mahadhi niliyokuwa nimeyapuuza kwa miaka yakaanza kuniuma. Mwimbaji wa rock Iggy Pop aliimba We Have All the Time in the World, ambao Louis Armstrong aliuimba mwaka 1969, miaka miwili kabla ya kufariki. Hapa lazima niseme kwamba koo la kwanza lilikuwa mzee mgonjwa anayeimba kuhusu wingi wa muda, na hakuna koo la pili litakalolipita hilo, ingawa Iggy Pop analisogelea kwa ukwaruzo wake.

Iliyonigusa kuliko zote ni From Russia with Love ya Natacha Atlas, mwimbaji ambaye sauti yake imelelewa na muziki wa Kiarabu. Matt Monro aliuimba mwaka 1963 kwa sauti nyoofu, kila noti mahali pake. Atlas anaipinda. Kwa sisi tuliokua tukisikia taarabu ikipita dirishani, zile fidla nyingi zinazocheza pamoja na sauti inayotetema juu yake si jambo la ugenini. Okestra za filamu za Misri ziliingia Unguja mapema na kuacha alama yake. Nilipomsikia Atlas mara ya kwanza nilihisi kwamba kuna mtu amechukua wimbo wa London na kuuketisha kwenye ukumbi ninaoujua, na umekubali kuketi. Katika albamu hiyohiyo ilikusudiwa iwemo You Only Live Twice ya mwimbaji Björk, lakini haikujumuishwa, kwa hiyo hata katika mkusanyiko wa nyimbo za kurudiwa palikuwa na aliyebaki nje.

John Barry aliisikia kazi ya Arnold, akaipenda, akampendekeza kwa Barbara Broccoli, mtayarishaji wa filamu hizo wakati huo. Arnold akapewa muziki wa Tomorrow Never Dies, iliyotoka mwaka huohuo wa 1997. Mtu aliyeingia kwa mlango wa nyimbo za wenzake sasa alikuwa na nafasi ya kuandika wimbo wake, naye aliuandika pamoja na David McAlmont na Don Black, yuleyule aliyelihangaikia neno la Thunderball zaidi ya miaka 30 nyuma. Ukaimbwa na k.d. lang wa Kanada. Una matarumbeta, una fidla zinazoteleza kama zile za Barry, una jina la filamu ndani ya kiitikio, yaani kosa lililoiua Mr. Kiss Kiss Bang Bang halikuwemo. Ukaondolewa hata hivyo. Wasanii kadhaa walikuwa wamealikwa kuleta nyimbo zao, Pulp na Saint Etienne wakiwemo, na nafasi ya mwanzo ikapewa Sheryl Crow, aliyekuwa akivuma sana wakati huo. Wimbo wa lang ukabadilishwa jina, ukaitwa Surrender, ukapelekwa mwishoni, wakati watu wanainuka kutafuta viatu vyao. Pulp nao waliutoa wimbo wao kwenye upande wa pili wa singo yao Help the Aged, ukibeba jina la awali la filamu, Tomorrow Never Lies, ambalo nalo lilikuwa limeachwa.

Nilinunua albamu ya muziki wa filamu hiyo nikiwa mtu mzima, kwa bei ya chini, katika duka la vitu vilivyotumika. Nilipofika kwenye Surrender na matarumbeta yakapanda kwa majivuno na kushuka kwa huzuni kidogo, nilikaa kimya nikausikiliza wote, nikaurudia tangu mwanzo. Ulikuwa mluzi wangu. Arnold alikuwa amefanya kama Barry mwaka 1965: mahadhi ya wimbo huo alikuwa ameyasambaza katika filamu nzima, kwenye mbio za pikipiki na mapigano na mabusu, na wimbo ulipohamishwa mahadhi hayakuweza kung'olewa. Wa Crow nilipousikia baadaye niliona una huzuni nzuri, lakini umeandikwa kama wimbo unaojitegemea, hauna uzi wowote unaoufunga na muziki unaofuata, na sauti yake inahangaika kwenye noti za juu ambazo lang angezifikia akiwa ameketi. Nalisema hili kwa kumheshimu Crow, ambaye kwenye nyimbo zake mwenyewe ni bora sana. Alipewa kazi iliyokuwa ya koo la mtu mwingine, jambo lililompata hata Bassey na Moonraker mwaka 1979 alipoitwa dakika za mwisho baada ya mpango wa Johnny Mathis kuvunjika, na Bassey mwenyewe amesema hakuwahi kuuhisi wimbo huo kuwa wake.

Kisa cha mwisho ni cha bendi ya Radiohead, na hiki bado kinanigawa. Mwaka 1995 walikuwa wakiuimba jukwaani Nobody Does It Better, wimbo wa Marvin Hamlisch na Carole Bayer Sager ambao Carly Simon aliuimba kwa ajili ya The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977. Simon anauimba kwa tabasamu. Thom Yorke, mwimbaji wa Radiohead, anauimba kama anayeomba asiachwe. Miaka hiyohiyo walitunga wimbo wao wenye harufu ya Bond, Man of War, wakaukalia. Miaka 20 baadaye waliombwa wimbo wa filamu ya Bond Spectre, wakaupeleka huo, ukakataliwa kwa kuwa haukuandikwa kwa ajili ya filamu na kwa hiyo usingeweza kushindania tuzo ya Oscar. Wakaandika mwingine, ulioitwa Spectre, nao ukakataliwa. Kazi ikaenda kwa Sam Smith, ambaye Writing's on the Wall yake ilikuwa ya kwanza katika nyimbo za Bond kufika nambari moja Uingereza, na Oscar ikaipata. Siku ya Krismasi mwaka 2015 Radiohead waliutoa Spectre bure kwenye intaneti.

Usiku mmoja nilifanya jaribio. Niliziweka picha za mwanzo za filamu hiyo, zile za mikono ya pweza inayojikunja gizani, nikanyamazisha sauti, nikaupiga wimbo wa Radiohead juu yake. Filamu hiyo inaanzia Mexico katika Siku ya Wafu, Bond akitembea kati ya watu waliovaa mafuvu, na kwa fidla za Jonny Greenwood wa bendi hiyo na sauti ya Yorke inayoelea bila kukanyaga ardhi, dakika zile tatu zikawa mwendelezo wa mazishi. Bond akaonekana mtu aliyekwisha kufa na bado hajaambiwa. Smith, kwa sauti yake nyembamba ya juu kabisa, anamfanya mpenzi aliyejeruhiwa. Picha za Radiohead zilinitisha kwa namna ambayo picha halisi hazijawahi kunitisha, na kama ningekuwa mimi wa kuamua ningewapa kazi.

Asubuhi yake, nikisubiri chai ichemke, nilijaribu kuupiga mluzi wa Spectre ya Radiohead ili niuone katika koo la pili, langu. Haukuja. Zilikuja noti tatu nne, zikatawanyika, kwa kuwa uzuri wake wote uko katika fidla na katika pumzi ya Yorke. Nikajaribu wa Smith. Ukaja mpaka pale unapopanda, ukakwama. Nilipoacha kujaribu na kuanza kumimina chai, midomo ikajiendea yenyewe kwenye matarumbeta ya kibandani.